Maandishi ya kung'aa katika Inkscape: kwa nini weupe hugeuka ukungu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninabuni bango la banda la juisi kwa kutumia programu ya kuchora ya Inkscape, na mteja anataka maneno JUISI BARIDI yang'ae kama pipi iliyotoka kulambwa. Nimeyapa rangi ya chungwa, nikaweka juu yake weupe unaofifia kuelekea chini, lakini yanaonekana kama yamepakwa unga, na katikati pana doa la kijivu nisilolielewa. Ninakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kwa maelezo yako makosa ni mawili, na la kijivu ndilo jepesi, kwa hiyo tulimalize kwanza. Mpito wa rangi, yaani rangi moja inayogeuka taratibu kuwa nyingine, una ncha mbili, na ile isiyoonekana nayo ina rangi yake hata kama alfa (kiwango cha rangi kuonekana, kati ya 0 na 100) umeishusha hadi 0. Ncha moja ikiwa nyeupe na nyingine nyeusi, programu huzichanganya njiani, nawe unaletewa kijivu. Fungua dirisha la rangi kwa Shift+Ctrl+F, chagua ncha hiyo, kisha sukuma nyekundu, kijani na buluu hadi mwisho bila kugusa alfa. Doa litatoweka.

Kosa la pili ni la kuielewa nuru vibaya, nalo ndilo linalowasumbua wengi. Ukiitazama pipi ngumu ya rangi moja chini ya taa, utaona kwamba sehemu yake ya juu, nje ya ule mmweko mweupe, ni nyeusinyeusi kuliko ya chini, kwa sababu nuru huingia kwa juu, hupenya na kukusanyika upande wa pili. Wewe umeanza na chungwa la kawaida, ukaongeza weupe mahali palepale ambapo palihitaji kukolea, na weupe juu ya rangi iliyokwisha kufifia hauna cha kushindana nacho. Kampuni ya Apple ilipoonyesha Aqua, sura mpya ya skrini za kompyuta zake, Januari 2000, vitufe vyake vya buluu vilifuata mpango huohuo: rangi nzito juu, nyepesi chini, na mmweko mweupe wenye ukingo mkali.

Kwa hiyo anza na herufi zenyewe. Chagua mwandiko mnene wenye kona za mviringo, kwa kuwa mwandiko mwembamba hauna nafasi ya kubeba mmweko. Weka nakala ya maandishi pembeni, maana ukishayageuza kuwa njia, yaani mistari ya mchoro tu, kwa Shift+Ctrl+C huwezi tena kusahihisha tahajia, na mteja hugundua kosa la herufi siku ya mwisho. Tengua kundi kwa Shift+Ctrl+G, kisha unganisha herufi zote kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Usiiruke hatua hii: herufi zikibaki mojamoja, kila moja hupewa mpito wake wa rangi. Sasa lipe umbo hilo mpito wa wima, juu rangi yenye msimbo c24a00 na chini ffb02e.

Kisha unakuja mmweko. Rudufu umbo kwa Ctrl+D, na nakala hiyo uipunguze kingo kwa Ctrl na mabano ya kufungua, yaani (. Kila mara ukibonyeza, ukingo huingia ndani kwa pikseli 2 kama hujabadilisha mipangilio. Bonyeza mara mbili au tatu, ukiangalia mikono myembamba ya herufi isije ikamezwa. Chora duaradufu pana kuliko maneno yote, ukingo wake wa chini ukate herufi juu kidogo ya katikati yake. Ichague pamoja na ile nakala iliyopunguzwa, ubonyeze Ctrl na kinyota, na kitakachobaki ni kipande kilichomo ndani ya herufi tu. Kipe mpito mweupe, alfa 80 juu na 20 hivi chini.

Hiyo 20 ndiyo siri ya kazi yote. Ukiishusha hadi 0, ukingo wa chini unayeyuka na unarudi kwenye unga wako. Jicho husema "hiki kinang'aa" linapoona mpaka mkali kati ya mmweko na rangi. Mpaka laini hulifanya lidhani ni kitambaa au mpira. Vilevile ule mstari wa chungwa uliobaki kuzunguka mmweko ndio unaozipa herufi unene, na ndiyo sababu ya kupunguza kingo.

Wapo wanaowekea kila herufi mmweko wake. Kwa neno la herufi tatu sina pingamizi, lakini kwa maneno mawili kama yako naona mkunjo mmoja unaopita kote unasomeka vizuri zaidi kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kivuli ukikitaka, kifanye kwa nakala ya rangi ya hudhurungi iliyosogezwa chini kidogo, bila kichujio cha ukungu, kwa sababu vichujio hugeuzwa kuwa picha ya pikseli unapohifadhi PDF, na kwenye bango kubwa pikseli hizo huonekana. Muulize pia mteja kama bango litachapwa au litakatwa kwa stika. Mashine ya kukata hufuata mistari tu na haijui mpito wa rangi. Ikiwa ni ya kukata, utahitaji vipande viwili, herufi za chungwa iliyokolea na ule mmweko wa stika nyeupe tupu, na kwa sababu ukingo wake ni mkali, utang'aa vilevile.