Setilaiti ilipima upepo au pepo?

SWALI: Nimetafsiri habari ya setilaiti ya Aeolus kwa jarida la shule yetu. Kichwa nikaandika: "Setilaiti iliyopima pepo kwa leza." Mwalimu mwenzangu akacheka hadi machozi, akauliza kama Wazungu siku hizi wanapunga pepo kwa mitambo. Kwani wingi wa upepo si pepo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndio, ni pepo, kama ufunguo na funguo. Vitabu vya historia vimejaa "pepo za msimu" zilizosukuma majahazi, na sijasikia mwanafunzi aliyezikimbia. Kinachomtuliza ni hiyo "za". Pepo za msimu zavuma. Pepo wabaya wanapanda kichwani. Upatanisho ndio unaotenganisha. Kichwa chako kimeiacha "pepo" peke yake, bila neno la kupatana nalo, mwenzako akaivika kilemba cha mganga. Tena kitenzi chenyewe kina mtego: anayekwenda Forodhani jioni anapunga upepo, aliyeitiwa mganga anapungwa pepo.

Mimi ningeandika "upepo", wala si kwa kuogopa mashetani tu. Wingi tunauhitaji tunapotaja pepo mbalimbali: kusi, kaskazi, matlai. Aeolus wa hekaya za Kigiriki alikuwa mtunza pepo kweli, akazifunga ndani ya kiriba. Setilaiti iliyopewa jina lake haikuhesabu pepo. Ilirushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya tarehe 22 Agosti 2018, ikizunguka kwenye kimo cha kilomita 320 hivi, ikipiga hewa kwa mapigo ya leza ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho. Molekuli za hewa na chembe za vumbi zilirudisha mwanga kidogo, na masafa ya mwanga huo, yaani idadi ya mawimbi yake kwa sekunde, yalikuwa yamebadilika kadiri hewa ilivyokuwa ikisogea. Kwa hiyo kilichopimwa ni hewa ikitembea, kitu tusichokihesabu moja, mbili, tatu. Hatusemi "kupima majoto".

Kosa lenyewe liko aya ya pili, na hukuliuliza. Umeandika kwamba ilipima "kasi na mwelekeo wa upepo". Hapana. Chombo kilitazama upande mmoja tu, kwa mshazari, kikapata hasa ile sehemu ya upepo inayokwenda mashariki au magharibi. Upepo wa kusi ukivuma sawasawa kutoka kusini, kingeuona kwa shida. Andika "kasi ya upepo kwenye mstari wa mwale". Si kila penye kasi pana mwelekeo kamili, hata kama Mamlaka ya Hali ya Hewa huvitaja pamoja kila jioni.

"Mwendokasi" uliloandika mara mbili ni neno halali, ila msomaji wa Dar es Salaam atatafuta kituo cha basi. Na mtambo wenyewe unaweza kuuita "lida". Tulishaizoea "rada", hii ni ndugu yake anayetumia mwanga.