Mtoto anayelala kwenye baraza la duka lako

Dada, umeuliza umfanyeje huyo mtoto wa miaka kama kumi anayelala kwenye baraza la duka lako hapo Mwanza: umchukue nyumbani au umpeleke makao ya watoto? Vyote visubiri kidogo.

Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Au mwone mwenyekiti wa mtaa akuunganishe na ofisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka taarifa ifike serikali ya mtaa. Ukimlaza kwako kimyakimya, hata kwa nia njema, siku ndugu zake wakitokea utapata kazi ya kujieleza. Hapo Mwanza wapo pia Railway Children, wanaowafuata watoto hukohuko mitaani na kujaribu kuwarudisha kwa familia zao.

Usimhoji sana. Wengi hutaja jina la uongo mpaka wakuzoee, na mimi siwalaumu. Chai na chapati kwanza. Ila ukiona majeraha au dalili za kuingiliwa, usingoje asubuhi: nenda naye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na hospitali usiku huohuo.