Ndege wa Chalbi na Mlima Marsabit: uliza kwanza wanakunywa saa ngapi

Safari yangu ya kwanza ya kutazama ndege kaskazini mwa Kenya niliiandaa vibaya, kwa kuwa nilitumia fedha nyingi kununua darubini na sikujisumbua kuuliza ndege wa jangwani hunywa maji saa ngapi. Nilifika Kalacha, penye chemchemi na mikoma ukingoni mwa jangwa la Chalbi, saa saba mchana. Nikakaa juani hadi saa kumi nikiwatazama ngamia wa Wagabra na kunguru wawili. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha mifugo alinionea huruma. "Mwanangu," akasema, "hao unaowangoja wamekwisha kunywa tangu asubuhi."

Kesho yake, kati ya saa mbili na saa nne, firigogo walishuka makundi kwa makundi. Ni ndege wa ukubwa wa njiwa, wenye rangi ya mchanga, na wakitulia chini huwaoni hata ukielekezwa. Dume mmoja hakuridhika na kunywa tu: aliingia majini hadi kifuani, akawa anajitikisa huku na huku mpaka manyoya ya tumbo yakalowa chepechepe, kisha akaruka kuelekea jangwani. Manyoya hayo hushika maji kama sifongo, na makinda hukimbilia chini ya baba yao kuyafyonza. Wapo firigogo wa aina nyingine wanaokuja kunywa giza linapoingia, kwa hiyo usiondoke kisimani mapema. Kaa mbali, hatua hamsini au zaidi, vaa nguo zilizofifia, na uwaombe ruhusa wenye mifugo kabla ya kuketi, maana kisima kina wenyewe.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni lami tupu, lakini kushuka Chalbi ni jambo jingine. Chalbi ilikuwa ziwa zamani, na mvua ikinyesha hukumbuka asili yake: juu panaonekana pakavu, chini ni tope. Sisi tulizama hapo kutwa nzima kwa sababu dereva alikataa kuuliza njia. Nendeni kwa magari mawili, na miezi ya Machi hadi Mei muiepuke.

Anayependa ndege adimu atenge asubuhi moja kwa Dida Galgalu, nyika ya mawe meusi ya volkano iliyo kwenye barabara ya Moyale. Huko yuko kipozamataza wa Williams, ambaye haonekani nje ya Kenya. Ni mdogo, wa kahawia, na mkweli atakiri kwamba si wa kumvutia asiye na uraibu huu.

Mlimani saa zinageuka. Msitu wa Marsabit huishi kwa ukungu, ambao asubuhi huwa mzito kiasi cha kuficha hata mti ulio mbele yako, kwa hiyo kuamka alfajiri kama ulivyozoea jangwani ni kujinyima usingizi bure. Kunywa chai kwanza. Ukungu unapoinuka, nenda kwenye ukingo wa kreta ya Gof Sokorte Guda, juu ya ziwa ambalo Martin na Osa Johnson, mume na mke Wamarekani waliopiga filamu za wanyama, walipiga kambi kando yake miaka ya 1920 na kuliita Paradise. Keti uipe mgongo njia, utazame kuta za kreta, kwa maana hewa ikishapata joto tai na vipanga huanza kupanda wakizunguka, na wengine hupita chini ya miguu yako, ukawaona mgongoni.