Kushusha Chevrolet C10: springi za nyuma ndiyo kazi nyepesi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Texas, nina pikapu aina ya Chevrolet C10 ya mwaka 1970. Nimenunua springi za nyuma za kuishusha inchi 4. Je, ninahitaji kibanio cha springi ili kutoa za zamani? Rafiki yangu ananiambia ningezikata tu hizo za zamani kwa gesi.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kibanio hukihitaji. Gesi, achana nayo kabisa: moto unaharibu ugumu wa chuma, na ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake.

Siku moja kabla, puliza dawa ya kutu kwenye boliti zinazoshika springi juu na chini. Hizo ndizo zitakazokutoa jasho. Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi chini ya chesisi. Usiziweke chini ya ile mikono mirefu inayoshika ekseli, kwa sababu lazima ishuke. Jeki iwe chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Fungua shokapu upande wa chini, fungua boliti za springi, kisha fungua ncha moja ya baa ya Panhard, ile inayokwenda mshazari kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli. Shusha jeki polepole huku macho yako yakiwa kwenye hozi ya breki. Ikianza kuvutika, simama, ifungue. Ekseli ikishuka vya kutosha springi zinalegea, unazitoa kwa mkono.

Sasa shida zenyewe. Baa ya Panhard ina urefu usiobadilika, kwa hiyo gari likishuka inaisukuma ekseli upande mmoja. Kabla hujagusa chochote, pima nafasi kati ya tairi na bodi kulia na kushoto, uandike. Kwa inchi 4 utaona tofauti, na dawa yake ni baa inayorekebishika urefu. Shokapu za zamani nazo zitakuwa ndefu mno: kwenye shimo la kwanza zinafika mwisho wa safari yake na kugonga chuma kwa chuma. Nunua fupi, au hamisha sehemu zinapofungwa.

Gari likiwa chini kwa uzito wake, pima pengo kati ya bomba la ekseli na chesisi. Mimi likibaki chini ya sentimita 5 simruhusu mtu aondoke bila kukata nafasi kwenye chesisi pale juu ya ekseli na kuchomelea kipande cha kuimarisha. Hiyo kazi mpe mchomeleaji anayejua chesisi, hata kama una mashine nyumbani. Raba za kuzuia ekseli isigonge zibadilishe kwa fupi. Kuziondoa ukaacha pale wazi ni kujitafutia ufa.

Boliti zinazopita kwenye bushi za raba zikaze mwisho kabisa, magurudumu yakiwa yamebeba gari. Ukizikaza likiwa hewani, bushi zinakaa zimejipinda na hazidumu.

Ukisikia mtetemo kwenye mwendo wa barabara kuu, usikimbilie tairi. Pima kwanza pembe ya difu dhidi ya ile ya giaboksi, maana propela shafti, mhimili unaounganisha giaboksi na difu, haipendi zikitofautiana. Kabari za chuma chini ya ekseli hurekebisha. Taa za mbele pia zirekebishe kabla hujaendesha usiku, kwani nyuma ikishuka peke yake zinamulika juu, machoni mwa wanaokuja.