Makombo ya mishumaa na maneno ya wifi

Niliwahi kuandika hapa jinsi ya kuyeyusha makombo ya mishumaa na kutengeneza mishumaa mipya ndani ya chupa za jemu. Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimemimina nta kama ulivyosema, chupa ikapasuka paa! Nta yote mezani." Nikacheka, halafu nikaona aibu, maana kosa ni langu. Sikumwambia chupa ipashwe kwanza.

Mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme ulipopamba moto hapa Dar, mishumaa kwetu ilikuwa inaisha kama karanga. Kila asubuhi nakuta vipande vya urefu wa kidole gumba vimenata kwenye visosi. Nikaanza kuvikusanya kwenye kopo. Wifi yangu, aliyekuja kukaa wiki mbili akakaa miezi mitatu, akaniuliza mbele ya wageni kama mambo ya kaka yake yameyumba mpaka mkewe anaokota makombo ya mishumaa. Nikatabasamu. Moyoni nikasema, utaona.

Na kweli aliona. Nilitia vipande kwenye sufuria, nikaibandika juu ya gesi, moto mkali, nikatoka kuanua nguo. Kurudi, sufuria inawaka. Nikadaka jagi la maji. Wifi akanipiga mkono, jagi likaruka, akafunika sufuria kwa sinia na kuzima gesi. Jamani, kumwagia maji nta inayowaka ni kuurusha moto mpaka darini! Yeye alijua, mimi sikujua, na hakuna shughuli ya ukoo inayopita bila kusimulia. Kila akisimulia, sufuria inazidi kuwa kubwa.

Siku hizi nta naiweka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo, na sibanduki hapo. Masizi na njiti za kibiriti nachuja kwa kipande cha khanga iliyochakaa. Utambi ni uzi wa pamba niliousuka na kuuchovya kwenye nta. Nailoni usiguse, inayeyuka. Chupa za jemu naziloweka maji ya moto, nazikausha kabisa, namimina zikiwa bado na joto. Nta ikipoa hudidimia kando ya utambi, kwa hiyo bakiza kidogo ya kujazia. Mshumaa ukibaki kama sentimita moja chini, zima, kioo kisije kikapasuka. Hiyo iliyoganda chini, chupa ilale kwenye friza: nta hunywea, unaidokoa kwa kisu. Sinki usiimwagie hata tone. Fundi bomba nimeshamlipa mara moja, inatosha.

Dada zangu, tunatupa mno. Chupa nzima yenye mfuniko wake inaenda jalalani, kesho tunanunua kopo la plastiki la kuwekea iliki. Tunaogopa kuchekwa na watu wasiojua hata luku yetu ina yuniti ngapi.

Wiki iliyopita wifi kapiga simu. Ana sendofu ya binti yake, anataka mishumaa sita, "ile yako ya chupa." Nimemwambia nta ipo, chupa aje nazo mwenyewe.