Baba anasema kucheza na wagonjwa si kazi

SWALI: Assalaamu alaykum mama, shikamoo. Mimi ni msichana wa Wete, nimemaliza kidato cha sita na masomo ya sayansi. Bibi yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Mazoezi aliyoelekezwa hospitali aliyakataa, lakini majirani walipokuja na ukili wao akaanza kujaribu kusuka, na sasa vidole vinashika. Mjomba aliyeko Marekani ananambia huko watu wanasomea chuoni kutibu kwa michezo na burudani. Baba anasema kucheza na wagonjwa si kazi, nende uuguzi. Mama, ni kazi kweli? Nianzie wapi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam mwanangu, marahaba. Umri wangu wa kazi nimeumaliza katika uuguzi, zaidi kwenye wodi za wagonjwa wa akili, na nakujibu waziwazi: ni kazi, na kubwa. Marekani wana baraza lao la kuwathibitisha wataalamu hawa, NCTRC, tangu 1981.

Baba yako usimlaumu. Yeye anaona mchezo, kwani mchezo ndio unaoonekana. Wazee wakikaa barazani na bao lao wanajifurahisha, basi. Mtaalamu akimkalisha mtu wa kiharusi mbele ya bao hilohilo, amekwishampima: mkono unafika wapi, macho yanaona upande gani, anakumbuka kiasi gani, na kabla ya maradhi alipenda nini. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kuchota komwe shimoni kunataka kidole gumba kikutane na cha shahada. Kuzitia moja moja kunataka kiganja kishike huku vidole vikiachia, jambo gumu mno kwa mkono uliolegea. Safu ya mbele inamlazimisha anyooshe kiwiko. Kuhesabu kunairudisha akili mahali pake, na yule anayecheza naye anamtoa chumbani, maana wengi wakishapooza hujifungia kwa haya. Yote hayo yanaandikwa: leo amechota ngapi bila kusaidiwa, amechoka baada ya muda gani. Wiki zikipita bila mabadiliko, mpango unabadilishwa. Asiyepima wala kuandika anaburudisha tu, hata akiwa na moyo mzuri namna gani.

Nilimuuguza mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi. Hasemi, hali mpaka alishwe, karata ukimpa anaziweka chini. Siku moja nikampa kipande cha kamba, nimekaa naye ubavuni kwa sababu kamba haiachwi wodini. Akapiga fundo, akalifungua, akapiga jengine. Baadaye akamsahihisha kijana wa kitanda cha pili aliyekuwa akimuigiza, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia. Kwenye faili palikuwa na pa kuandika dawa, usingizi na choo. Pa kuandika lile fundo hapakuwapo, na zamu iliyofuata haikujua lolote. Ndiyo maana naitaka fani hii ije kwetu, na nimefurahi kuiona barua yako.

Sasa njia. Marekani utahitaji shahada, kisha mafunzo ya vitendo ya saa 560 kwa wiki 14 mfululizo, kisha mtihani wa baraza. Ada za huko ni nzito, na ukirudi usitegemee kukuta nafasi ya kazi yenye jina hilo ikikungoja Unguja au Pemba. Mjomba akipata chuo, kiandikie mwenyewe na uulize mambo mawili: je, shahada yao inaruhusu kufanya mtihani wa NCTRC, na nani anamtafutia mwanafunzi pahala pa mafunzo? Wakala anayetaka pesa kabla ya majibu hayo, muache.

Mimi ningekuanzisha na tiba kwa vitendo, inayofundishwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ngazi ya diploma. Ndiyo fani jirani kabisa. Inamrudisha mtu kwenye kuoga, kula na kuvaa, lakini pia kwenye kazi za mikono na michezo, na bibi yako na ukili wake angekuwa ndani kabisa ya somo hilo. Ukishindwa kufika Moshi, uuguzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anaoutaka baba si njia mbaya. Muuguzi mwenye jicho lako ni hazina wodini.

Lakini kabla ya fomu yoyote, nenda makaazi ya wazee ya Limbani, hapo hapo Wete, uombe kujitolea. Usipeleke mchezo. Kaa, uliza kila mmoja alikuwa akifanya nini ujanani. Si kila mwanamke anapenda kusuka. Mwengine alikuwa msomaji wa maulidi, mwengine anataka mche wa kumwagilia. Kuna siku watakununia, kuna siku utafua mashuka tu. Ukitoka huko bado unaitaka kazi hii, basi ni yako.

Na bibi mfungulie daftari leo: tarehe, amesuka muda gani, vidole vipi vimeshika. Mpe baba alisome mwenyewe. Ukiwaandikia KCMC, ulizia na dakhalia ya wanawake, maana baada ya ada, hilo ndilo swali atakalokuuliza.