Re: Kwa nini Philip hakuitwa mfalme?
Mkuu umeuliza mbona mume wa Malkia Elizabeth hakuwa mfalme wakati Camilla, mke wa Mfalme Charles, anaitwa malkia, iko hivi, kwa Waingereza mke ndo anapanda na cheo cha mume, mume hapandi na cha mke. Charles kashika ufalme 2022 na Camilla akawa malkia palepale, ila Philip alibaki Duki wa Edinburgh, cheo alichopewa 1947 kwenye ndoa, uprinsi wa Uingereza kaja kupewa 1957. Na duki si mdogo bana, kwenye vyeo vya makabaila wao ndo wa juu, chini yake markizi, erli, vikonti, baroni yuko mkiani. Kinachonichekesha ni mke wa erli, anaitwa kauntesi, jina lenye asili ya Kifaransa, mume kabaki na la Kiingereza cha kale 😂